Ini la Kuku wa Tenga

Mdogo wangu Mwanne alikuwa na sauti ya kukera. Naanzia hapo, maana wajukuu wakimsimulia siku hizi wanamfanya malaika, na malaika hajapata kuuza kuku stesheni ya Tura.

Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nitaandika ninavyosema. Asiyependa aache.

Sisi ni watoto wa Mfaume. Babu yetu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za watu kutoka Ujiji, miguu ikamchoka Tura, msafara ukaenda yeye akabaki. Baba alikuwa akisema ukoo wetu ni wa kutembea, na ukiona mmoja wetu amekaa kitako mchana kutwa ujue anaumwa. Maneno hayo tuliyachukulia mzaha. Mimi niliolewa Tabora mjini, Gongoni, na fundi cherehani. Mwanne akabaki Tura, akaolewa na Lukumani, mrina asali, mtu wa mizinga na moshi, mpole kwa nyuki kuliko kwa watu.

Huyo Mwanne ungemwona treni inapoingia. Mwembamba kama mwiko, kikapu kichwani, anakimbia sambamba na mabehewa kabla hayajasimama. Kuku wa kuchemsha, karanga, na asali kwenye chupa za soda. Sauti yake ilisikika behewa la mwanzo mpaka la mwisho: "Kuku wa Tura huyo, mfupa wake unalia!" Abiria mmoja alitaka paja kwa bei ya shingo, akamwambia, "Shingo unayo tayari bwana, itafune hiyo." Behewa zima likacheka, na yule bwana akanunua paja. Nilikuwa namwonea aibu. Laiti ningejua, ningeifunga ile sauti kwenye kitambaa niiweke.

Mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Nyumba yao ilikuwa maili mbili kutoka stesheni, imejitenga, kwa hiyo lori likaja wakaambiwa wapakie. Mgambo wakateremsha nyasi za paa ili mtu asipate hamu ya kurudi. Kijiji kipya kilikuwa maili kumi na mbili porini, nyumba zimepangwa mistari kama kaburi za vita. Mwanne alikataa kuacha mlango wake, mlango wa mninga aliochongewa na baba. Lori likakataa kuupakia. Akaubeba kichwani, maili zote hizo.

Hakufa mtu. Naomba ulishike hili, maana ndilo lililonitia hofu baadaye. Jirani hakufa, mume hakufa, hata kuku walifika wazima. Watu wengine wote waliohamishwa walilia, wakatukana, wakajenga. Mwanne hakulia.

Nilikwenda kumtazama mwaka uliofuata. Treni mpaka Tura, halafu nikapakiwa baiskeli na mtu aliyenung'unika njia nzima kwa uzito wangu. Nikamkuta ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anatazama ukuta wa jirani. Ule mlango ulikuwa umeegemezwa nje, mchwa wameanza kuula upande mmoja. Nyumba yenyewe ilikuwa na turubai mlangoni.

"Karibu dada," akasema. Basi.

Nikangoja. Mwanne, mtu ambaye ukimsalimia unajuta maana utasimuliwa mpaka miguu ife ganzi, alinyamaza. Nikamuuliza kuku wako wangapi sasa. Akasema, "Huku hakuna treni." Nikamuuliza kwa nini mlango haujawekwa. Akasema ataweka. Mwaka mzima alikuwa akimwambia mumewe hivyo.

Na alikuwa amenenepa. Sisemi kanawiri, nasema kanenepa: shavu, shingo, tumbo limekaa mapajani kama mtoto wa kupakatwa. Ule ulikuwa mwaka wa njaa. Nchi nzima inakula unga wa njano wa msaada na kunung'unika unanuka gunia, watu wamekonda hadi kanga zinawazunguka mara mbili, na mdogo wangu huyo anajaa. Majirani walikuwa wakinong'ona kisimani kwamba kwa balozi kuna kupe. Lukumani ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kupe siku hizo lilikuwa neno baya, redio ililitaja kila siku, mnyonyaji anayenenepa kwa damu ya wenzake.

Walichokuwa hawajui ni hiki. Ndani kulikuwa na madebe ya asali ya Lukumani. Mwanne alikuwa na kikombe cha bati. Anachota asali, anatia maji, anakunywa, anaketi. Kikiisha anachota tena. Ugali wa baridi anauchovya humo humo. Asubuhi mpaka jioni. Niliona kwa macho yangu, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri afadhali, angalau anaonja kitu. Nikamwongezea mwenyewe kikombe kimoja kabla sijaondoka. Hilo nalo lipo kwenye hesabu yangu na Mungu.

Lukumani alikuwa amefurahi. Kwake yeye mke aliyenenepa ni mke aliyetulia. Siku niliyokuwa pale wakaja wageni wa wilaya na gari, wakakalishwa kwenye viti, na Lukumani akasimama kutoa maelezo ya balozi. Akasema kuna wanaodai kijiji kinaua watu. Akamwita Mwanne mbele.

"Huyu mke wangu alikuja huku mifupa mitupu," akasema. "Mtazameni leo. Geuka wakuone."

Mwanne akageuka. Akazunguka polepole, mikono imening'inia, kama anayepimwa nguo. Wageni wakapiga makofi, watu wakafuatisha, mimi nikafuatisha. Alipofika upande wangu tukaangaliana. Nimeona maiti nyingi, nimeosha maiti za ukoo wetu tangu nikiwa binti, na hakuna hata moja iliyonitisha kama yale macho. Yalikuwa wazi na hakuna mtu ndani. Mikono yangu ilikuwa bado inapiga makofi.

Miezi michache baadaye nikaletewa habari kwamba Mwanne ana kitu kizito ubavuni, kuume, chini ya mbavu. Hawezi kuinama kufunga kiatu, anachoka hata kwa kujikuna. Nikaenda, tukamchukua mimi na Lukumani mpaka hospitali moja ya wamisheni, siitaji jina. Aliyetupokea aliitwa Nikolaus, mganga msaidizi, lakini wote tulikuwa tunamwita daktari na yeye hakukataa. Wakapima choo, wakapima damu. Malaria hakuna, kichocho hakuna. Akamlaza, akabonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamwambia vuta pumzi. Akabonyeza tena. Uso wake ukabadilika.

Lukumani alikuwa nje. Mwanne alitazama dari. Kwa hiyo niliyejibu maswali ni mimi.

"Anakunywa pombe?"

"Sisi kwetu hatuijui pombe," nikasema. "Anakunywa asali tu."

"Asali."

"Asali. Asubuhi, mchana, jioni. Kikombe juu ya kikombe."

Akaandika. Akaniuliza tangu lini, nikasema tangu wahamie kijijini. Akaandika tena, akatikisa kichwa.

Mtu wa Tabora ameshaelewa nilichofanya. Wewe wa pwani nikueleze. Huku kwetu kuna wanzuki, pombe ya asali, na walevi wenye haya hawaitaji kwa jina. Wanasema fulani anapenda asali. Fulani siku hizi anakunywa asali. Hata mtoto mdogo wa Sikonge anajua. Mimi najua. Ila nilikuwa namzungumzia mdogo wangu, binti wa Mfaume aliyefunga Ramadhani tangu ana miaka saba, haikunipitia akilini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kusikia kitu kingine. Nikasema neno la kweli kabisa, na neno hilo likageuka likamng'ata.

Nikolaus akatoka nje na Lukumani, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikaona Lukumani anainamisha kichwa, kisha anakiinua. Aliporudi hakumtazama mkewe. Alikuwa ameambiwa ini la mke wako limevimba, limejaa mafuta, na kama ile asali yake haikomi, mwakani utamzika.

Tulisafiri naye mpaka kijijini. Pale kijijini, mbele ya majirani, mbele ya wale wale wa kisimani, Lukumani akasema, "Nilioa binti wa Mfaume, sikuoa pipa." Akatoa talaka. Talaka moja. Mwanne akakunja kanga zake mbili akaniambia twende. Hakujitetea hata kwa nusu neno.

Maneno yale yalimkata maini. Ndivyo tunavyosema sote, mtu akiumizwa kwa maneno tunasema kakatwa maini. Lakini njia nzima kwenye treni nilikuwa nalifikiria neno hilo, maana safari hii maini yenyewe ndiyo yaliyougua, na nikajiuliza kama kuna kitu kimekatika kweli humo ndani, na nani aliyeshika kisu. Usinicheke. Ungekuwa umekaa kando yake, unamsikia anavyopumua, nawe ungejiuliza.

Akakaa eda kwangu, chumba cha uani. Miezi mitatu, na katika miezi hiyo Lukumani akitaka kumrejea anaweza, ikipita basi. Mimi sikuwaza Lukumani. Nilikuwa nawaza kama Mwanne atafika huo mwezi wa tatu. Alilala anatazama ukuta. Namwita mara moja, mara mbili, mara ya tatu ndiyo anasema abee. Kati ya mara ya pili na ya tatu moyo wangu ulikuwa unasimama. Nikapata tabia ya kupita mlangoni pake bila sababu, nimeshika ufagio, nasikiliza pumzi.

Siku moja nikamkuta amesimama kwenye kisima chetu cha uani. Si kwamba anateka maji. Ndoo ipo chini, ameshika kamba tu, anaipitisha vidoleni, anaitazama. Nikamwambia njoo unisaidie kuchagua mchele, akaja. Jioni nikaifungua ile kamba nikaiweka chini ya kitanda changu. Wapangaji walinitukana wiki nzima, watatekaje maji, wakaniita mchawi na mchoyo. Sikumwambia mtu kwa nini. Mume wangu akaniuliza nikamwambia imeoza. Neno lenyewe sikuthubutu kulitamka hata moyoni, niliogopa nikilitamka litapata njia.

Kilichofungua mdomo wake ni kuku. Tulikuwa na hitima ya baba mkwe, mume wangu akanunua kuku kwa mtu anayefuga kwenye tenga. Unawajua hao, wanafungiwa ndani ya kapu hata kugeuka hawawezi, wanamwagiwa pumba na makapi ya tamu mpaka wanakuwa wazito. Ameshachinjwa, mimi nampasua, Mwanne ananyonyoa mwingine kando yangu. Nikatoa ini. Lilikuwa manjano. Kubwa, limefura, manjano kama ule unga wa msaada, na nilipolishika likanifia vidoleni, mafuta matupu. Kuku wa kuzurura ini lake jekundu jeusi, limekaza. Mwanne ameuza kuku miaka kumi na tano, hahitaji kuelezwa.

Akaacha kunyonyoa, akalitazama.

"Ndilo langu hilo," akasema.

Nikataka kulitupa, akanizuia mkono. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakunywa asali yote ile, alikuwa na njaa gani?

"Sikuwa na njaa. Nikiwa na kikombe mkononi watu wanadhani nafanya kitu."

"Na ukikiweka chini?"

"Nasikia kimya."

Nikamuuliza basi kwa nini hakumwambia mumewe kwamba hajaonja wanzuki tangu azaliwe. Mtu anaitwa pipa mbele za watu na hana kosa, ananyamaza?

Akang'oa manyoya mawili matatu kwanza.

"Angeniuliza sasa nina nini. Ulevi una jina, dada."

Nikaacha kuku pale na mavi yake. Sikuoga, nilifunga kanga tu, kesho yake nikawa kwa Nikolaus, nimepita wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni. Nikamwambia, bwana daktari, ulisomea wapi kusikiliza nusu? Nilisema asali. Asali ya mzinga, ya kulamba. Nani alitaja wanzuki hapa? Akaweka kalamu chini. Kisha akavua miwani.

"Mimi nilisikia wanzuki, mama."

Nikamwambia masikio yako yamemwachisha mtu ndoa. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Sikumwonea huruma ingawa niliona ameumia, na mimi pia nilikuwa najua sehemu yangu, lakini sehemu yangu naijua mwenyewe, sikwenda kumgawia yeye. Alipopata nafasi akaniambia kuwa ini likijaa mafuta mara nyingi yeye hukuta pombe, ndiyo maana. Lakini amewahi kuona na wengine, wasiokunywa. Nikamuuliza lile swali lililonilaza macho, kwamba huzuni inaweza kuingia kwenye ini?

"Kitabu changu hakisemi," akasema. "Ninachokiona ni kwamba mtu akishikwa na huzuni ile ya kumkalisha, anakaa, anakula ovyo, mwili unajaa. Ini likijaa anachoka. Akichoka anakaa zaidi. Sijui kipi kinaanza. Najua vinavutana. Asali iishe, na atembee."

"Atembee wapi?"

"Hilo unalijua wewe, mama, mimi simjui."

Siku hizi mjukuu wangu anayesomea uuguzi ananiambia kwamba wasomi wamekuja kuandika hivyo hivyo, moyo na ini vinaburutana. Nikamwambia wamechelewa.

Nikolaus akaandika barua kwa Lukumani kwa mkono wake, akakiri kosa. Zikiwa zimebaki siku kumi eda iishe, Lukumani akapiga hodi. Unajua alikuja na nini? Debe la asali. Zawadi. Alisimama barazani kwangu amelikumbatia, jasho linamtoka, akasema, "Shikamoo shemeji," na mimi sikuitikia marahaba. Nikamwambia asivuke kizingiti na hiyo sumu yake. Akaniuliza sumu gani, ni asali safi ya mavuno ya masika. Mtu barua kasomewa mara mbili, na bado.

Nikamwambia sharti langu. Mwanne harudi maili kumi na mbili. Anarudi stesheni. Akasema haiwezekani, hakuna anayeruhusiwa kukaa nje ya kijiji, kuna kibali, yeye ni balozi, watamwonaje.

"Ulipomzungusha mbele ya wageni," nikamwambia, "kibali ulichukua kwa nani?"

Akaondoka. Nilifikiri ndio basi. Baada ya siku saba akarudi bila debe, na karatasi yenye muhuri wa kijiji, kwamba mke wake anapewa nafasi kando ya reli auze kuku na asali za kijiji. Sijui alimpigia nani magoti. Sikumwuliza. Mwanne akaniaga kwa kunishika mkono, akarejewa. Lukumani amekufa miaka mingi sasa na sijamsamehe, na nikimkuta huko tutaanzia pale kwenye pipa.

Aliondoka akiwa bado mzito, bado kimya, anachoka kupanda ngazi za behewa. Ndiyo maana nilimwambia anipe ishara. Kulikuwa na gadi wa treni anaitwa Masele, Msukuma mmoja mrefu, mtu wa mzaha. Nikamwambia kila Alhamisi anichukulie kitu kutoka kwa Mwanne, chochote, hata jiwe, nijue amesimama stesheni. Alhamisi ya kwanza Masele akaniletea kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na ini moja la kuku, limekaangwa. Jekundu jeusi, limekaza. Masele akasema, "Huyo ndugu yako kaniambia nikuambie ukague."

Nilikaa palepale kwenye benchi la stesheni ya Tabora nikalia, na gadi wa watu ananitazama. Halafu nikalila.

Likawa linakuja kila Alhamisi. Masele akaanza kulitania, ananiita mama maini, anauliza leo atanikatia nusu. Wakati mwingine analeta na habari: leo kamtukana fundi wa reli, leo kakimbia behewa mbili. Nikolaus alimbonyeza tena mwisho wa mwaka akasema limepungua. Kamba ya kisima nikairudisha. Nikaanza kuzoea, na kuzoea ndiko kubaya.

Alhamisi moja, mwezi wa pili mwaka wa sabini na saba, Masele akashuka mikono mitupu. Hakutania. Akasema hakumwona stesheni. Wala Jumapili alipopita hakumwona, ila alifikiri ametoka.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda treni iliyofuata na kanga ya mwilini tu. Safari ile sitaisimulia yote. Nilikuwa nahesabu stesheni kwa vidole, na katika kila moja nilikuwa namwona amelala mahali, na kamba, na kisima, na ini la manjano likinifia vidoleni. Nikajaribu kusoma dua, dua niliyoijua tangu utotoni ikanipotea katikati.

Nikashuka Tura mchana. Nyumba yao ilikuwa hapo hapo kando ya reli, na ule mlango wa baba umewekwa, umetiwa kiraka palipoliwa na mchwa. Ulikuwa umefungwa. Nikausukuma na bega.

Alikuwa amelala, anatazama ukuta.

Nikamwita mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu akasema abee.

Nikakaa chini. Lukumani alikuwa porini kwenye mizinga, siku ya tano. Nikanusa chumba, hakikuwa na asali. Nikamuuliza umekunywa? Akasema hapana. Kuna aliyekusema? Hapana. Sasa nini?

"Imerudi tu," akasema. "Hakuna aliyefanya kitu."

Nikambonyeza ubavuni, kuume, vidole viwili kama nilivyomwona Nikolaus anafanya. Nikamwambia vuta pumzi. Sikujua ninachokigusa, ini au mbavu au woga wangu. Nikawa nabonyeza tu.

Asubuhi treni ikalia mbali. Mwanne hakugeuka. Hasira zikanipanda, sikuzificha, nikamwambia basi lala, nitauza mimi. Kuku wawili nilikuwa nimewachemsha alfajiri. Nikatia kwenye kikapu chake, nikajitwika, nikatoka. Mlango nikauacha wazi nyuma yangu makusudi, ili asikie.

Mimi sijapata kuuza kitu maishani mwangu. Treni ikaingia, watu wakakimbia, nikakimbia nilikojua, mbele. Mabehewa ya mbele yalikuwa na mapazia. Nikainua paja la kuku, nikajaribu kuita, sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba. Bwana mmoja mwenye tai akafunga dirisha. Nikagonga kioo. Nikaita tena, "Kuku, jamani," na hakuna aliyegeuka, na dakika zinakwenda, na mchuzi unanichuruzika shingoni.

Ndipo nikaisikia. Ilitoka nyuma yangu, kule mlangoni, imekauka, imejaa makwaruzo ya siku nyingi bila kutumika, lakini ni yenyewe.

"Hilo ni daraja la kwanza, we mwanamke! Hao wana kuku wao huko ndani. Nyuma! Nenda nyuma!"

Abiria wa daraja la tatu wakacheka. Nikaanza kukimbia kuelekea nyuma kama nilivyoambiwa, kikapu kinanicheza kichwani, na nikasikia ndala zinaburuzika kwenye kokoto, nzito, zinasimama kupumua, zinaanza tena, zinanifuata. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka zitasimama.